Kulabu za Mbele za Pikapu

Udongo mweusi wa mbuga, mathalan ule wa Wembere na wa Shinyanga, ambao kiangazi kizima hukaa umekauka na kupasuka nyufa, na mvua zikishauingia hugeuka ulimbo, haumbagui mwenye gari jipya na mwenye gari kuukuu. Na aghalabu mwenye pikapu huzikumbuka kulabu za mbele siku ile ile aliyonasa, magurudumu yamekwisha kuzama, lori la msaada limesimama mbele yake, na utingo kashika mnyororo akiinama huku na huku kutafuta mahali pa kuufungia.

Ataiona bampa, ambayo ni bati au plastiki tu na haifai kuvutiwa. Ataona pia kitanzi chembamba cha chuma chini ya fremu, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwa kuwa kitanzi cha namna hiyo mara nyingi kiliwekwa ili gari lifungwe melini lisiyumbe katika safari ndefu ya kutoka Japani, wala hakikukusudiwa kulitoa topeni. Waokoaji magari wa jeshi la Marekani hukadiria kwamba gari lililozama kimo cha magurudumu hudai nguvu iliyo sawa na uzito wake wote pamoja na shehena, na likizama hadi madigadi, nguvu hiyo huwa maradufu. Basi pikapu ya tani 2 iliyopakia tani 1 ya mahindi yaweza kudai mvuto wa tani 3 hadi 6, na kitanzi cha kufungia melini hakina dhamana ya mzigo kama huo.

Kulabu ya haki ni ya chuma kilichofuliwa, imepigwa chapa ya uzito inaostahimili, na hufungwa kwenye mihimili miwili ya fremu, kila mhimili na kulabu yake. Fundi mwenye hadhari huanza kwa brashi ya waya, akikwangua kutu na rangi mpaka chuma safi kionekane kuzunguka tundu, kwani fremu iliyoliwa na kutu, kama zilivyo nyingi za magari yaliyoishi katika hewa ya chumvi ya pwani, haifai kutiwa kulabu kabla ya kutengenezwa. Kisha huitia bolti kwa vidole, bila spana, apate yakini kwamba hesi zimekubaliana. Bolti yenyewe huwa na tarakimu kichwani, 8.8 au 10.9, na isiyo na chapa hiyo irudishwe dukani. Kila kulabu hushikwa kwa bolti mbili au zaidi, na pale chuma cha fremu kilipo chembamba huwekwa bamba nene nyuma yake. Ama kuchomelea kulabu, jambo linalopendwa kwa urahisi wake, mimi silikubali hata kidogo: moto huharibu ugumu wa chuma kilichofuliwa, na udhaifu huo hauonekani kwa macho.

Nasisitiza hayo kwa sababu ya watu wanaosimama karibu. Kamba ya nailoni ikivutwa hurefuka na kuhifadhi nguvu, na kulabu ikiachia, chuma kile huruka kwa kasi inayoweza kuua dereva aliye nyuma ya kioo, au mmoja wa wale watoto wa kijijini ambao daima hukusanyika kutazama. Kwa hiyo watu wote waondolewe mbali, blanketi zito litandikwe juu ya kamba, na kulabu zote mbili ziunganishwe kwa ukanda mmoja ulio mrefu wa kutosha, maana pembe kati ya mikono yake ikifika digrii 120, kila kulabu hubeba mzigo mzima badala ya nusu. Wala mnyororo usifungwe kwenye mpira wa kukokotea tela ulio nyuma ya gari linalovuta. Mpira huo umekwisha kukatika na kuua watu katika nchi nyingi.

Gari likishatoka topeni, fundi au mwenye gari aingie uvunguni na spana, akague kila nati, na bolti iliyopinda asiikaze tena, bali aifungue na kutia mpya kabla ya safari ya kurudi.