Waridi Lenye Milia

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Wanaokaa nyuma na wasogee karibu na redio. Kila mmoja awe na daftari na kalamu, na mwalimu msaidizi awe na chaki, maana leo tutaandika ukoo ubaoni. Si ukoo wa watu. Ni ukoo wa maua.

Somo hili limetokana na barua. Mama mmoja wa darasa la jioni ametuandikia kwa mkono wake mwenyewe, na kwa hilo peke yake anastahili kupongezwa. Anasema kwamba mbele ya nyumba yake upo mti wa waridi. Maua yake ni meupe, na juu ya weupe huo ipo milia myekundu, kama punda milia aliyebadilishwa rangi. Kila apitaye njiani husimama kutazama. Basi mama huyu alichuma matunda ya waridi hilo, akapanda mbegu zake, akapata miche sita. Akawaahidi majirani kuwauzia, na wawili wakamlipa kabisa. Miche ilipochanua, hapakuwa na hata mmoja wenye milia. Majirani wakadai fedha zao. Mmoja akasema kwamba milia ile ni ugonjwa, na afadhali mti wenyewe ung'olewe.

Mama anauliza: "Je, niung'oe? Na kosa langu ni lipi?"

Mama, usiung'oe. Sikiliza kwanza.

MILIA NI NINI?

Mwili wa mmea, kama mwili wa mtu, umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, zisizoonekana kwa macho matupu. Katika kila chembe yamo maagizo. Agizo moja husema, "Fanya rangi nyekundu." Katika waridi jekundu chembe zote za ua hulitii agizo hilo. Katika waridi jeupe agizo hilo halifanyi kazi.

Katika waridi lenye milia, chembe nyingine hutii na nyingine hazitii. Chembe moja ikianza kufanya rangi, na ikazaa chembe nyingine, watoto wake wote hufuata mama yao. Chembe hizo hukaa pamoja, nasi tunaona mstari mwekundu. Mabadiliko yakitokea mapema, ua lingali dogo sana, mstari huwa mpana. Yakitokea kwa kuchelewa, tunaona uzi mwembamba tu au kidoa. Ndiyo sababu maua mawili ya tawi moja hayafanani kamwe.

Je, huo ni ugonjwa? Jirani hakusema bila sababu. Zamani huko Uholanzi, katika miaka ya 1630, watu walinunua kwa fedha nyingi mno maua yaitwayo tulipu, yenye milia mizuri. Baadaye sana wataalamu waligundua kwamba milia ile ililetwa na kirusi, nacho kilichukuliwa na wadudu mafuta kutoka mmea hadi mmea. Lakini waridi si tulipu. Milia ya waridi imo katika maagizo ya mmea wenyewe. Haiambukizi waridi la jirani.

MBEGU NA TAWI

Sasa tuje kwenye miche sita. Ndugu, tunapandaje muhogo? Tunakata shina na kulipanda. Tunapandaje mgomba? Tunachukua chipukizi. Kwa hiyo muhogo mtamu hutoa muhogo mtamu, maana ni mwili ule ule unaoendelea.

Mbegu ni jambo jingine. Mbegu ni mtoto wa wazazi wawili, baba na mama, na kila mzazi ametia nusu ya maagizo. Panda mbegu ya parachichi zuri, na huenda ukapata mti wenye matunda madogo yasiyo na ladha. Hakuna aliyekudanganya. Mtoto si mama yake.

Na waridi ni mchanganyiko wa kabila nyingi. Katika karne hizi zilizopita watu wamechanganya mawaridi ya Ulaya, ya Uchina na ya Asia ya Magharibi, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo mbegu kumi za tunda moja hutoa miche kumi yenye sura kumi.

Shika kanuni hii, uiandike kwa herufi kubwa: UKITAKA WARIDI LILE LILE, PANDA TAWI. UKITAKA WARIDI JIPYA, PANDA MBEGU.

Mama yetu alitaka lile lile, akapanda mbegu. Hilo ndilo kosa, wala si kosa kubwa.

UKOO WA MILIA

Mwalimu msaidizi, sasa shika chaki. Juu kabisa andika: Rosa Mundi. Hili ni waridi la kale sana la Ulaya, lililojulikana tangu karne ya 16. Halikuzaliwa kwa mbegu. Mti wa waridi jekundu lililotumiwa kwa dawa ulichipua tawi geni, na tawi lile likatoa maua yenye milia. Mtu fulani aliona, akalikata tawi, akalitunza. Hatujui jina lake, lakini tunda la macho yake lipo hata leo. Waridi hilo lakini huchanua mara moja tu kwa mwaka.

Pembeni, kwa kuwa hili si jamaa wa karibu, andika: Ferdinand Pichard, Ufaransa, 1921. Ni waridi kubwa lenye harufu nzuri, la rangi ya pinki yenye milia ya damu ya mzee. Ubora wake ni kwamba huchanua tena na tena.

Alikuwapo Marekani, katika mji wa Visalia huko California, mkulima wa maua aliyeitwa Ralph Moore. Alizaliwa mwaka 1907. Mwaka 1937 alifungua kitalu chake, na kazi yake kubwa ilikuwa mawaridi madogo, yale yanayoweza kukaa katika chungu. Bwana Moore alijiuliza: je, milia ya waridi kubwa la kale inaweza kuhamia kwenye waridi dogo la kisasa? Alichukua chavua ya Ferdinand Pichard, akaipaka kwenye waridi liitwalo Little Darling. Miongoni mwa watoto akachagua wenye milia, kisha akaoza tena na waridi dogo, Little Chief. Katikati ya miaka ya 1970 akapata alichokitafuta: waridi dogo lenye milia myekundu na myeupe. Akaliita Stars 'n' Stripes, kwa ajili ya bendera ya nchi yake.

Chini yake andika: Roller Coaster. Hili lilitolewa New Zealand katika miaka ya 1980 na Sam McGredy, aliyetumia Stars 'n' Stripes kuwa mmoja wa wazazi. Na chini ya Roller Coaster andika: Fourth of July, waridi litambaalo, kazi ya Tom Carruth wa Marekani. Mwaka 1999 lilipata tuzo ya All-America Rose Selections.

Sasa mtazame ubao. Kutoka Ferdinand Pichard hadi Fourth of July ni karibu miaka 80, nchi tatu, na watu wengi. Bwana Moore alifariki mwaka 2009, akiwa amepita umri wa miaka 100. Haba na haba hujaza kibaba.

KAZI YENYEWE

Huenda mmoja wenu atasema, "Mambo haya ni ya wazungu wenye mashine." Sivyo. Vifaa ni hivi: mkasi mdogo, brashi laini, mfuko wa karatasi, uzi, kikaratasi cha kuandikia na kalamu ya risasi. Na lazima ujue kusoma na kuandika, kama mtakavyoona.

Kwanza, chagua mama. Asubuhi na mapema tafuta tumba linalokaribia kufunguka. Ondoa petali zote taratibu. Ndani utaona nyuzi nyingi zenye vichwa vya manjano. Hizo ni sehemu za kiume. Zikate zote kabla hazijapasuka, yaani lihasi ua hilo, lisije likajichavusha lenyewe. Katikati zitabaki sehemu za kike. Usiziguse. Funika kwa mfuko wa karatasi, nyuki asitangulie.

Pili, chukua vichwa vya manjano kutoka ua la baba, lile lenye milia. Viweke katika kisahani mahali pakavu penye kivuli. Baada ya siku moja vitapasuka na kutoa unga. Unga huo ndio chavua.

Tatu, siku ya pili tazama sehemu za kike za mama. Zikiwa zinang'aa na kunata, zipake chavua kwa brashi. Funika tena.

Nne, andika. Jina la mama kwanza, kisha baba, kisha tarehe. Funga kikaratasi kwenye kikonyo. Usipoandika, baada ya miezi minne hutajua mtoto ni wa nani, na kazi yote imepotea.

Tano, ngoja. Baada ya wiki chache utaona tunda linavimba. Huchukua kama miezi mitatu au minne kuiva, likawa jekundu au la machungwa, kama nyanya ndogo. Toa mbegu, uzioshe, uziweke katika mchanga wenye unyevu ndani ya kopo, na kopo ndani ya jokofu, mahali pasipogandisha, kwa wiki 6 hadi 12. Kwa asili mbegu za waridi hungoja baridi ipite ndipo ziote. Baada ya hapo zipande. Nyingine hazitaota kabisa; usishangae.

KUCHAGUA NI KUAGA

Hapa ndipo penye ugumu. Mche wa aina ichanuayo mara kwa mara hutoa ua lake la kwanza ungali mdogo, baada ya miezi michache tu. Utaona pinki, nyekundu, nyeupe. Sehemu tu ya watoto itakuwa na milia. Na katika hao wenye milia, mmoja ana majani yenye ugonjwa, mwingine shingo dhaifu, mwingine hana harufu. Makampuni makubwa huotesha makumi ya maelfu ya miche kila mwaka, na kutoka humo huuza aina chache tu. Ua lililochaguliwa hubebeshwa jicho lake kwenye mizizi yenye nguvu ya waridi jingine, kisha hujaribiwa kwa miaka. Tangu siku ya kupaka chavua hadi siku ya kuuza, huweza kupita miaka 8 au 10.

Hapa jirani zetu wa Naivasha, Kenya, wanaelewa vizuri. Mawaridi yanayotoka huko kwenda Ulaya kwa ndege, kila aina ina mtu au kampuni iliyoitafuta kwa njia hii. Ndiyo sababu katika nchi nyingi sheria humlinda mwenye kuzalisha aina mpya, na mtu haruhusiwi kuizidisha na kuiuza bila idhini yake.

Tena, waridi lenye milia halina budi kulindwa hata baada ya kupatikana. Nitawaambia kosa langu mimi mwenyewe. Nilikuwa na mti mmoja wa namna hiyo. Siku moja nikaona tawi limetoa maua mekundu matupu. Nikafurahi, nikasema ni zawadi, nikaliacha. Tawi lile lilikuwa limerudia asili yake, nalo likakua kwa nguvu kuliko mengine. Baada ya miaka miwili mti wangu wote ulikuwa mwekundu. Nilikuwa na diploma mfukoni, lakini sikukumbuka kushika mkasi. Ukiona tawi limeacha milia, likate mapema kutoka shinani.

JIBU LA MAMA

Basi, mama, fanya hivi. Warudishie majirani fedha zao, au waombe wangoje. Kata matawi yenye afya, yenye unene wa kalamu na urefu wa shubiri moja, kutoka kwenye sehemu iliyotoa maua ya milia. Yachomeke katika mchanga wenye unyevu, kivulini. Si yote yatakayoshika, lakini yatakayoshika yatakuwa waridi lako lile lile.

Na ile miche sita, usiitupe kwa hasira. Itazame. Hakuna mtu mwingine duniani aliye na mawaridi hayo. Yamezaliwa mlangoni pako. Na ndani ya mmoja wao maagizo ya milia huenda bado yamo, yakingojea kizazi kijacho. Kama ukiona mmoja wenye nguvu, mwenye harufu, mpe jina, na uliandike katika daftari.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini miche ya mama haikufanana na mti wake?
2. Taja mimea mitatu tunayopanda bila kutumia mbegu.
3. Milia ya tulipu na milia ya waridi zinatofautianaje?
4. Kwa nini ni lazima kuandika jina la mama, baba na tarehe?
5. Ufanye nini ukiona tawi la waridi lenye milia limetoa maua ya rangi moja?

KAZI YA NYUMBANI: Chukua ua moja lolote, ulipasue taratibu, uchore sehemu zake, na uandike majina yake. Mwonyeshe mtoto wako. Akijua kuliko wewe, usione haya, mwulize.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, hadi somo lijalo.