Sabuni kwenye njia ya Kigoma

Treni ya Kigoma inaposimama Tabora, wauzaji hujaa madirishani na asali kwenye chupa, karanga na maembe yaliyokwisha kumenywa. Noti inatoka, chenji inarudi, na mkono uleule uliopokea chenji unapeleka kipande cha embe mdomoni. Muda mfupi kabla ya hapo mkono huo ulishika kitasa cha mlango wa choo, kitasa ambacho abiria wa behewa zima wamekuwa wakikishika tangu Dodoma.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita karibu na njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Maradhi yalikuwa yameizoea njia hiyo kabla ya reli. Mwaka 1876 James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha kitabu kinachofuatilia jinsi kipindupindu kilivyosafiri pamoja na misafara ya biashara. Wapagazi walilala kambi zilezile, wakachota visima vilevile, na kilichoachwa na msafara mmoja kiliokotwa na uliofuata.

Siku hizi duniani husikika zaidi habari za meli za kitalii ambazo abiria wake wanaharisha na kutapika kwa mamia. Mara nyingi chanzo ni virusi vya noro. Vinaweza kukaa kwenye bomba la ngazi, meza au koki kwa siku kadhaa, na vichache tu vinatosha kumwangusha mtu mzima. Lakini meli hizo husikika pia kwa sababu kuna anayehesabu: Marekani hutangaza mlipuko melini wagonjwa wakifika asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi. Kwenye treni yetu hakuna anayehesabu. Dalili za noro huanza saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa, na kufikia hapo abiria ameshafika kwake Kasulu au Mpanda. Atalaumu embe, au atasema ni malaria.

Meli nayo tunayo. MV Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, na kiwanda cha Meyer, ambacho leo kinajulikana kwa kuunda meli kubwa za kitalii. Ilisafirishwa vipande vipande, ikapita Tabora kwa reli na kuunganishwa Kigoma. Mei 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Maelfu kwa maelfu walikuwa ufukweni bila vyoo vya kutosha, wakinywa maji ya ziwa lilelile walimooga. Kipindupindu kikazuka. Kufikia wiki ya tatu ya mwezi huo wagonjwa walikuwa takriban 3,000, na waliokufa 31, wakiwemo Watanzania 2. Wale watu hawakukosa elimu ya usafi. Walikosa maji safi, sabuni na vyoo.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kumtaka abiria aogope kila bomba analoshika. Bomba halimdhuru mtu mpaka mkono ufike mdomoni, na katika safari ya siku mbili ambamo tunakula ugali kwa mkono, utafika. Linalotakiwa ni kunawa baada ya choo na kabla ya kula, kwa sabuni na maji tiririka, kwa sekunde 20. Vitakasa mikono vyenye kileo vinasaidia dhidi ya vimelea vingi, lakini noro havivimalizi. Ukiwa navyo pekee, bado tafuta maji.

Na maji yapatikane. Mwaka 2020, Korona ilipoingia, ndoo zenye koki ziliwekwa hadi kwenye vituo vidogo vya mabasi, kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba haiwezekani. Behewa lenye choo lakini tangi lake limekauka halifai kuendelea na safari kabla halijajazwa, na Tabora treni husimama muda wa kutosha kulijaza. Kwenye stesheni ndogo hata kibuyu chirizi kinatosha, mradi pawe na mtu aliyekabidhiwa kazi ya kukijaza.

Wakati tunangoja, beba kipande cha sabuni na chupa ya maji ya kunawia, mbali na ya kunywa. Nunua embe zima, lioshe, ulimenye mwenyewe. Mtu akitapika ndani ya behewa, wasogeze watoto, na mhudumu afute kwa klorini, si kwa maji matupu. Na aliyeugua njiani asiingie jikoni kupikia wageni waliokuja kumpokea, hadi zipite siku 2 tangu kuharisha na kutapika kukome.