Kujiunga na Vyama vya Udugu Chuoni: Kijana Aulize Nini Kabla ya Kukubali?



Kijana anayetoka visiwani kwenda kusoma Mtwara hufika akiwa mgeni. Wa Mafia huvuka kwa boti hadi Nyamisati, kisha hushika njia ya Lindi. Wa Unguja na Pemba hupitia Dar es Salaam. Akiumwa usiku, mama yake yuko mbali. Ndiyo maana wenzake wanapomwambia "jiunge nasi, sisi ni ndugu", moyo hukubali kabla akili haijauliza. Je, akubali?

Marekani vyama vya udugu wa wanafunzi ni vya zamani. Kimoja kilianzishwa Virginia mwaka 1776, kikiwa na kiapo na siri zake. Vingi vina majaribio ya kumpokea mgeni. Mwaka 2017 mwanafunzi wa Penn State alifariki baada ya kunyweshwa pombe nyingi usiku wa kupokewa.

Kwetu tulivyovizoea ni jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu, vyama vya wanaotoka sehemu moja, na vikundi vya kuchangiana kwenye maradhi na misiba. Asili ya mambo haya ni halali. Suratul-Maida, aya ya 2, imeweka mpaka: tusaidiane katika wema na uchamungu, tusisaidiane katika dhambi na uadui.

Mfano wa Hilful-Fudhuul

Mtume (S.A.W.), kabla ya kupewa Utume, alihudhuria mkataba huu Makka, katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Mgeni kutoka Zabid, Yemen, alimuuzia bidhaa Al-'Aas bin Waail, naye akakataa kumlipa. Watu wa koo kadhaa za Kikureshi wakaapa kusimama pamoja na kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Baada ya Uislamu kuja, Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba lau angeitwa tena kwenye mkataba kama ule, angeitika.

Waliokula kiapo kile hawakuwa Waislamu, lakini kilichoahidiwa kilikuwa haki. Kwa hiyo hata kijana anayesoma Stella Maris, chuo cha Kanisa Katoliki, hakatazwi kushirikiana na wenzake wa dini nyingine katika kuuguzana, kusoma pamoja au kumtetea aliyeonewa. Kinachokatazwa ni kushiriki ibada zao au maasi.

Maswali ya kuuliza

1. Wanaahidiana nini? Wakisema "tusaidiane hata mwenzetu akikosea", maana yake ni kuficha wizi wa mitihani na dhulma. Kumsaidia ndugu anayedhulumu ni kumzuia asidhulumu.

2. Kuna siri gani? Jambo ambalo huwezi kumwambia mzazi wako, liogope.

3. Siku ya kupokewa kuna nini? Pombe, kuvuliwa nguo au kudhalilishwa havigeuki halali kwa kuitwa mzaha.

4. Fedha zinaendaje? Kuchangiana ni kheri. Lakini kikundi kinachokukopesha elfu hamsini na kudai elfu sitini, hiyo ni riba, hata kama faida mnagawana wenyewe.

5. Swala itabaki mahali pake? Mikutano inayokula Maghrib kila wiki si ya udugu mwema.

Aliyekwisha kuapa

Aliyeapa kwa jina la Allaah kufanya maasi asitekeleze kiapo hicho. Atatoa kafara iliyotajwa katika Suratul-Maida, aya ya 89: kulisha masikini kumi au kuwavisha, asiyeweza afunge siku tatu. Kisha atoke na atubu. Kutoka huko si usaliti.

Nanyi wazazi, msingoje kijana afike chuoni. Kaeni naye kabla hajafunga begi, mpeni maswali haya, kisha mpigieni simu mara kwa mara. Asiyesikia sauti ya nyumbani hutafuta nyumba nyingine.

Wa Allaahu a'lam.