Gari ya kwanza Yangambi: bei ya kununua ni mwanzo tu

Yangambi iko karibu kilometa 100 kutoka Kisangani, ukishuka mto Kongo. Kwa mwalimu au mfanyakazi wa INERA, kituo cha utafiti wa kilimo, gari ya kwanza ni furaha ya jamaa nzima. Lakini anayehesabu bei ya muuzaji peke yake atakuta hesabu nyingine inamngojea nyumbani.

Tuanze na esansi. Gari inayokunywa lita 10 kwa kilometa 100 itamaliza lita 20 kwenda Kisangani na kurudi. Barabara ni ya udongo: mvua ikinyesha, matope yanaongeza kiasi hicho. Ukinunua kwa kadafi kando ya barabara, uliza kwanza bei ya siku ile.

Pili, karatasi. Bima na vinyeti zina muda wake; ukiisha unalipa upya, hata kama gari ilikuwa imelala. Gawa jumla ya mwaka kwa 12, na uweke sehemu moja kila mwezi.

Tatu, garaji. Mashimo yanaua amotisere na mapine. Piesi ikikosekana hapa, hesabu pia nauli ya kuifuata Kisangani.

Kabla ya kununua, jijaribu miezi 6: kila mwezi weka pembeni pesa hizo zote, kama vile gari iko tayari uani. Ikiwa chakula na minervali ya watoto havikuguswa, nunua. Akiba hiyo itakuwa ya garaji. Ukishindwa, endelea kwanza na pikipiki. Gari iliyolala nyuma ya nyumba bila mapine haimfikishi mgonjwa hospitali.