Majeruhi na saa tatu za kwanza

Kwa zaidi ya miaka thelathini, majeruhi wa kichwa walichomwa steroidi katika hospitali nyingi duniani. Hoja yenyewe iliingia akilini: ubongo uliogongwa huvimba, na steroidi hupunguza uvimbe. Nani angebisha?

Walibisha watafiti wa London wakiongozwa na Profesa Ian Roberts. Waligawa majeruhi 10,008 kwa bahati nasibu. Baadhi wakapewa steroidi, wengine dawa bandia. Matokeo yalitoka mwaka 2004. Ndani ya wiki mbili, asilimia 21 ya waliopewa steroidi walikuwa wamekufa, dhidi ya asilimia 18 ya wenzao. Dawa iliyoaminiwa kizazi kizima ilikuwa ikiua.

Kundi hilohilo likageukia damu. Aliyegongwa na gari au kupigwa risasi mara nyingi humaliziwa na damu inayovujia tumboni au kifuani, isikoonekana. Mwili hujitahidi kuigandisha, lakini ndani yake imo pia kemikali ya kuyeyusha mabonge, na jeraha kubwa huichochea kupita kiasi. Asidi ya traneksamiki huizuia. Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na kwa miaka mingi ikajulikana zaidi kama dawa ya wanawake wenye hedhi nzito.

Mwaka 2010 ukaja utafiti wao wa asidi hiyo, CRASH-2: majeruhi 20,211, nchi 40. Vifo vilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14.5. Ni kidogo? Katika kila majeruhi mia mbili, hizo ni roho tatu, tena kwa dawa isiyo ghali.

Uchambuzi wa takwimu hizo mwaka uliofuata ndio uliotia shaka. Waliochomwa ndani ya saa tatu tangu kuumia walinufaika, hasa wa saa ya kwanza. Kwa waliochelewa zaidi ya hapo, vifo vya kuvuja damu viliongezeka: asilimia 4.4 dhidi ya 3.1 ya waliopewa dawa bandia.

Sasa mfikirie dereva wa bodaboda aliyeangukia mbali na mji. Anapakiwa kwenye pikapu ya msamaria, anafikishwa zahanati, anaandikiwa rufaa ya wilaya, kisha ya mkoa. Saa tatu zimeishia barabarani. Dawa hii ikifungiwa kwenye stoo ya hospitali kubwa haina maana kwake. Mahali pake ni pale majeruhi anapopokelewa kwanza, na mikononi mwa muuguzi aliyefundishwa kuuliza kabla ya yote: ameumia saa ngapi?