Gari Likilowa, Jiwe Likilowa

Maji yakikupwa, shuka ufukweni uokote jiwe moja lililolowa. Lina wekundu ulioiva, mishipa myeupe imepita katikati, na likigeuzwa juani linametameta. Litie mfukoni, fika nalo nyumbani, ulitoe. Limekauka, na rangi yote imefifia kana kwamba limepakwa majivu. Watoto wa pwani wote wameipitia huzuni hiyo ndogo.

Wanaoosha magari yao wenyewe nyumbani siku ya Jumamosi wanaijua pia. Ukishamwagia ndoo ya mwisho, gari lililotoka Japani likiwa limeshatumika miaka kumi linarudia ujana wake: weusi ni weusi kweli, na mwarobaini wa uani unaonekana ndani ya boneti jani kwa jani. Baada ya dakika ishirini maji yamekauka na mng'aro umeondoka nayo. Sabuni haina lawama. Kilicholipata jiwe ndicho kilicholipata gari, na ukikielewa hicho utajua kwa nini tunaosha vile tunavyoosha, na kwa nini polishi na nta si kitu kimoja.

Mwanga ukipiga uso bapa, unarudi wote kwa mkao mmoja. Ndiyo maana kwenye kioo unajiona. Ukipiga uso wenye mikwaruzo, unatawanyika huku na huku, na jicho linapokea weupe hafifu uliotandazwa juu ya rangi. Maji yanapojaza mabonde ya mikwaruzo hiyo, yanatandika uso mpya ulio bapa, na weupe unatoweka. Kwa hiyo gari lililolowa linakuonyesha jinsi lingekuwa kama lisingekwaruzwa. Rangi yenyewe ipo pale pale, haijaenda popote.

Tuitazame hiyo rangi kwa karibu. Juu ya bati la gari la kisasa kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha prima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wetu wanaliita klia. Yote kwa pamoja kwa kawaida hayazidi sana maikroni 100 hadi 150, yaani kati ya sehemu moja ya kumi ya milimita na sehemu moja na nusu. Klia peke yake ni kama maikroni 40 au 50. Unywele wa kichwani mwako unaweza kuwa mnene kuliko hapo. Mng'aro wote unaoupenda unakaa katika utando huo, na ndani yake zimechanganywa kemikali zinazomeza miale ya jua isiyoonekana ili rangi ya chini isipauke. Klia ikiisha kwenye paa au boneti, huanza kubanduka kama ngozi iliyoungua, na hapo hakuna cha kufanya ila kupiga rangi upya.

Gari langu la kwanza nililiharibu kwa upendo. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, nilichukua fulana kuukuu na kulifuta vumbi, likiwa kavu, kwa mizunguko ya haraka haraka kuanzia boneti hadi buti. Nilidhani ninalitunza. Usiku mmoja nikajaza mafuta kwenye kituo chenye taa kali, nikainama kufunga kifuniko cha tangi, nikaona juu ya bodi utando mkubwa kama wa buibui ukiizunguka taa iliyoakisiwa. Nikasogea hatua moja, utando ukasogea nami. Ulikuwa kila mahali, na mkono ulioufuma ni wangu.

Huo utando unadanganya kidogo. Ukiutazama utaapa kwamba mikwaruzo imekwenda kwa duara. Kwa kweli imekwenda kila upande, ila katika kila sehemu ya bodi ni ile tu iliyolala kwa pembe fulani ndiyo inayorudisha mwanga jichoni mwako, na hiyo ndiyo inayochora mviringo kuizunguka taa. Washa tochi ya simu usiku, isogeze polepole juu ya mlango wa gari lako, utauona mviringo ukiifuata tochi kama mbwa anavyomfuata bwana wake.

Aliyekwaruza si fulana. Vumbi la barabara zetu limejaa chembe za mchanga, na mchanga kwa sehemu kubwa ni kwatzi. Katika kipimo cha ugumu alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho kinaanzia 1 kwa jiwe laini la ulanga na kuishia 10 kwa almasi, kwatzi ina 7. Kioo cha dirisha ni kama 5.5. Klia ni plastiki, laini kuliko kioo. Kufuta vumbi kavu kwa kitambaa, hata kiwe kitambaa cha hariri, ni kupiga msasa kwa mkono mwepesi.

Kwa hiyo siri ya kuosha ni kuuondoa mchanga kabla mkono haujagusa gari. Mwagia maji mengi kwanza, uache mpira au kopo lifanye kazi, na tope lililokauka lipe muda lilainike. Anza paa, shuka vioo na boneti, na sehemu za chini za milango na bampa ziwe mwisho, maana huko ndiko matairi yanakorushia changarawe. Rimu zina kitambaa chake peke yake. Maana unga mweusi unaotoka kwenye breki una vipande vya chuma. Weka ndoo mbili. Moja ina sabuni, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia sponji kila unapomaliza sehemu moja. Ukimaliza, itazame ile ndoo ya pili, uchote kwa kiganja kile kilichotuama chini. Utausikia mchanga kati ya vidole. Kama ingekuwa ndoo moja, wote huo ungekuwa umerudi kwenye bodi.

Sabuni nayo ina kisa chake, na kimetoka jikoni. Huko Braunschweig, Ujerumani, alikuwepo binti aitwaye Agnes Pockels, aliyezaliwa mwaka 1862. Wanawake hawakuruhusiwa chuo kikuu, na yeye alikuwa na wazazi wagonjwa wa kuwahudumia. Akiwa anaosha vyombo aliona jinsi mafuta na uchafu vinavyoubadilisha uso wa maji, akatengeneza kifaa chake cha kupimia, karai refu lenye ukanda wa bati unaosogezwa, akapima kwa miaka. Mwezi Januari 1891 alimwandikia barua mwanafizikia mkubwa wa Uingereza, Lord Rayleigh. Rayleigh aliisoma, akaomba tafsiri yake ichapishwe, na jarida la Nature likaitoa mwezi Machi mwaka huo huo. Elimu ya nyuso za vimiminika tunayoitumia hadi leo imejengwa kwa sehemu juu ya vipimo vya yule mwanamke wa karai la vyombo. Ninamtaja kwa sababu anastahili kutajwa kila inaposemwa sabuni.

Chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Mikia inajichomeka kwenye mafuta na masizi, vichwa vinabaki nje, na uchafu unazingirwa na kuelea. Zaidi ya hapo, sabuni inafanya utelezi kati ya sponji na rangi, ili chembe ya mchanga iliyosalia iteleze badala ya kuchimba. Sabuni ya unga ya kufulia inatoa povu zuri, lakini mara nyingi imewekwa magadi ya kupambana na mafuta ya nguo, nayo haichagui: nta uliyoipaka mwezi uliopita inaondoka na mafuta ya barabara. Sabuni ya vyombo nayo hula nta. Kama hukupata shampuu ya magari, weka sabuni ya vyombo kidogo sana kwenye ndoo nzima na usuuze vizuri, ukijua kwamba nta itarudiwa.

Osha kivulini. Watu husema matone ya maji juani yanakuwa kama lenzi na kuunguza rangi. Mwaka 2010 watafiti wa Budapest wakiongozwa na Gábor Horváth walilipima jambo hilo kwenye majani, wakaona kwamba tone lililokaa juu ya jani laini haliliunguzi. Kinachobaki kwenye gari ni madini. Kwa sisi tunaotumia maji ya kisima, hasa karibu na bahari, kila tone lina chokaa na chumvi zake; jua likilikausha, maji yanaruka na duara jeupe linabaki. Kausha mara tu unapomaliza, kwa taulo la nyuzi ndogo la maikrofaiba, ukilivuta polepole bila kulikandamiza. Maduara yaliyokwishakaa hulainishwa na siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa: asidi inaimumunya chokaa. Sugua taratibu, suuza mara moja.

Kinyesi cha ndege hakingoji Jumamosi. Kunguru walioletwa Unguja miaka ya 1890 sasa wametapakaa pwani yote, na anayeegesha chini ya mkungu anajua. Jua linapopiga, klia inatanuka na kulainika huku kinyesi kikikauka na kuwa kigumu. Jioni klia inapoa na kujikunja kwa kufuata umbo la kile kilichoganda juu yake. Ndiyo ile alama iliyofifia inayobaki hata baada ya kuosha. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika tano, kisha ukiinue. Usikwangue.

Sasa polishi. Mwaka 1704, katika kitabu chake cha Opticks, Isaac Newton aliandika kwamba kung'arisha kioo kwa unga hakuondoi mkwaruzo. Kunaufanya uwe mdogo mno kuonekana. Polishi ya gari ni hivyo hivyo: ni krimu yenye chembe ngumu sana, mara nyingi za oksidi ya alumini, zinazokata kingo za mikwaruzo mikubwa na kuacha midogo kuliko mawimbi ya mwanga, ambayo urefu wake ni maikroni 0.4 hadi 0.7. Mwanga unapita juu yake kana kwamba haipo. Ila kila unachokikata kinatoka kwenye zile maikroni 40 au 50.

Fundi rangi mmoja wa Ilala alinifundisha hili kwa vitendo. Alichukua polishi na kitambaa cheupe, akasugua mlango wa Land Rover kuukuu iliyopigwa rangi ya zamani isiyo na klia, akanionyesha kitambaa: chekundu. Akageukia gari langu jekundu, akasugua, kitambaa kikabaki cheupe. Nikafurahi. Akatikisa kichwa.

"Kaka, hapa pia imetoka, ila haina rangi ndiyo maana huioni. Na klia si nywele, haioti tena."

Tangu siku ile napiga polishi sehemu iliyoharibika tu, eneo la ukubwa wa gazeti lililokunjwa, na ninaacha mara mwanga unaporudi. Mkwaruzo unaoshika kucha ukiipitisha juu yake umeshuka chini mno. Kuufukuza kwa polishi ni kumaliza klia ya pembeni yake. Huo naukubali ukae.

Nta ndiyo inayorudisha siri ya jiwe la ufukweni. Maji yanajaza mikwaruzo lakini hukauka. Nta inaijaza na kubaki. Tena inaijaza vizuri zaidi. Uwezo wa kupinda mwanga kwa maji ni 1.33, kwa klia ni kama 1.5, na nta ipo karibu na klia, kama 1.45. Vitu viwili vinavyopinda mwanga karibu sawa vikigusana, mpaka kati yao karibu unapotea machoni.

Nta inayosifiwa kuliko zote ni karnauba, ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, huko Ceará na Piauí. Majani yake yanajipaka nta ili maji yasiyatoroke wakati wa kiangazi. Watu huyakata, huyaanika na kuyapiga mpaka unga wa nta udondoke. Nta yetu ya nyuki, ile inayotoka kwenye mizinga ya Tabora, ni nzuri kwa mishumaa na ngozi, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na boneti jeusi juani linaweza kupita hapo. Karnauba inavumilia hadi nyuzi 82 au zaidi. Paka tabaka jembamba sana, gari likiwa limepoa. Subiri lifanye ukungu, ufute kwa kitambaa safi. Tabaka nene halilindi zaidi, linakuchosha kufuta tu. Kwepa plastiki nyeusi za bampa, maana nta ikikauka humo huacha weupe mbaya.

Kisha nyunyiza maji kwa vidole. Umewahi kuona tone kwenye jani la gimbi, linavyojikusanya likabiringika kama shanga bila kulowesha chochote? Jani lile lina nta na vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Nta ya gari haifikii ustadi huo, lakini tone litasimama limejikunja, kingo zake zikirudi ndani. Mimi huinama nikalitazama kwa pembeni, usawa wa boneti. Wiki kadhaa baadaye, mvua ikinyesha, nainama tena. Siku nitakapoona matone yametandaa na kulala bapa juu ya bati, nitajua nta imekwisha, na Jumamosi inayofuata nitatoa ndoo mbili.