Fundi Besaleli na Siku ya Saba

Kijana anayekwenda Yerusalemu kusomea sanaa hukutana na jina la fundi wa zamani sana kabla hajafungua kisanduku chake cha rangi. Chuo kikuu cha sanaa cha mji huo kinaitwa Bezalel, na jina hilo limetoka kwenye Torati. Katika sura ya 31 ya kitabu cha Kutoka, Musa anaambiwa kwamba Besaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, amejaliwa hekima ya kufua dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchonga miti, ili asimamie ujenzi wa hema la kukutania jangwani. Msaidizi wake ni Oholiabu wa kabila la Dani.

Wasomaji wengi huishia hapo. Wayahudi huendelea mbele, kwa kuwa sura hiyohiyo, mara tu baada ya kuwataja mafundi, inageukia amri ya Sabato: siku sita za kazi, ya saba ya mapumziko. Marabi wa kale walijiuliza kwa nini mambo hayo mawili yamewekwa pamoja. Jibu lao limeongoza maisha ya Wayahudi hadi leo, nalo linamhusu msanii kuliko mtu mwingine yeyote. Walisema kwamba kazi za mikono zilizojenga lile hema ndizo kipimo cha kazi zote. Kwa hiyo anayetaka kujua kupumzika ni nini lazima kwanza ajue fundi anafanya nini.

Chuo cha Bezalel chenyewe kilianza mwaka 1906. Mwanzilishi wake, Boris Schatz, alikuwa mchongaji mzaliwa wa Lithuania aliyefanya kazi miaka kadhaa Bulgaria. Wazo lake lilikubaliwa mwaka 1905 mjini Basel, Uswisi, katika Kongamano la Saba la Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe. Kongamano hilo ndilo pia lililokataa ardhi ambayo Waingereza walikuwa wamependekeza kuwapa Wayahudi Afrika Mashariki. Mpango ule uliitwa wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ndani ya Kenya ya leo.

Schatz alitaka shule inayofundisha kuchora na kuchonga, na papo hapo iwape watu riziki kwa kufuma mazulia, kufua fedha na kunakshi. Masonara Wayahudi waliohamia kutoka Yemeni walipata nafasi katika karakana zake. Si kila mwanafunzi aliyeridhika. Reuven Rubin, kijana wa Rumania, alifika mwaka 1912 akiwa na hamu ya kuwa mchoraji, akaona ufundi wa mikono unapewa uzito kuliko uchoraji aliokuja kuutafuta, na mwaka uliofuata akaondoka kwenda Paris. Baadaye alirudi, akawa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa Israeli. Shule ilifungwa mwaka 1929 kwa ukata, na Schatz akafa mwaka 1932 huko Denver, Marekani, alikokuwa akiichangishia fedha. Ilifunguliwa tena mwaka 1935, wakati wasanii waliokimbia Ujerumani ya Hitler walipokuwa wakiwasili.

Kwa mwanafunzi mgeni, masomo ya sanaa huenda sambamba na masomo ya Kiebrania. Shule za kufundisha lugha hiyo kwa watu wazima huitwa ulpan, na ya kwanza ilifunguliwa Yerusalemu mwaka 1949 kwa ajili ya wahamiaji waliokuwa wakimiminika. Mwalimu hufundisha Kiebrania kwa Kiebrania tangu siku ya kwanza, hata kama darasani kuna Mfaransa, Mrusi na Mhabeshi wasioelewana kwa lugha yoyote. Mbinu hiyo ina historia. Eliezer Ben-Yehuda, aliyehamia Yerusalemu mwaka 1881, aliamua kwamba nyumbani kwake kisisikike kitu ila Kiebrania, wakati ambapo lugha hiyo ilikuwa ya sala na vitabu tu. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 1882 alilelewa kwa lugha ambayo hakuwa na mtoto mwenzake wa kucheza naye akiitumia. Leo maneno mapya huundwa na Akademia ya Lugha ya Kiebrania, iliyoanzishwa mwaka 1953, kazi ambayo nchini Tanzania hufanywa na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa.

Mswahili hupata nafuu kidogo kwenye hesabu, kwa kuwa sita, saba na tisa tumezitoa kwenye Kiarabu, ndugu wa karibu wa Kiebrania. Nafuu huishia kwenye kusoma. Herufi ni 22, zote konsonanti, na huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Tano kati yake hubadilika umbo zikiwa mwisho wa neno. Nukta za irabu hutiwa kwenye vitabu vya watoto, mashairi na sala, lakini gazeti na bango la barabarani havina, kwa hiyo msomaji lazima alijue neno ndipo aweze kulitamka. Mwandiko wa mkono nao una maumbo yake, tofauti na ya chapa.

Kuna jambo jingine linalomshangaza kijana aliyelelewa kuamkia wakubwa kwa shikamoo. Katika Israeli mwalimu huitwa kwa jina lake la kwanza, awe wa chekechea au profesa. Watu husifia kusema wazi bila kuzungusha, tabia waiitayo dugri. Siku ya kuonyesha kazi, mwanafunzi hutundika picha yake ukutani, na wenzake huanza kuichambua mbele yake bila kutanguliza sifa. Aliyezoea adabu ya kunyamaza hudhani ametukanwa. Akikaa muda ataona kwamba mabishano yana heshima yake miongoni mwa Wayahudi. Katika madrasa zao wanafunzi husoma wawili wawili, kila mmoja akitafuta kasoro katika hoja ya mwenzake. Talmudi yenyewe, kitabu kikuu cha mijadala ya marabi, imehifadhi hata maoni yaliyoshindwa. Wanafunzi wa rabi Shamai walisema taa za sikukuu ya Hanuka ziwashwe nane usiku wa kwanza, kisha zipunguzwe. Wanafunzi wa rabi Hileli walisema ianze moja na kuongezwa hadi nane. Desturi ilifuata Hileli, na hoja ya Shamai bado inafundishwa.

Huko nje watu hudhani kwamba Wayahudi hawana sanaa ya picha kwa sababu amri inakataza sanamu za kuabudiwa. Ukweli ni mpana zaidi. Mwaka 1928 wakulima wa kijiji cha ushirika waliokuwa wakichimba mfereji walifukua sakafu ya sinagogi la karne ya 6 huko Beit Alfa. Imepambwa kwa vijiwe vya rangi vinavyoonyesha Ibrahimu akitaka kumtoa mwanawe sadaka, na buruji 12 za nyota. Mafundi wameandika majina yao hapo: Marianosi na mwanawe Hanina. Katika Jumba la Makumbusho la Israeli, mjini Yerusalemu, kimehifadhiwa kitabu cha Pasaka ya Kiyahudi kilichochorwa Ujerumani kama mwaka 1300, ambamo watu wengi wana vichwa vya ndege. Mchoraji Marc Chagall alipotengeneza madirisha 12 ya vioo vya rangi kwa sinagogi la hospitali ya Hadassah, yaliyozinduliwa mwaka 1962, aliyachora makabila ya Israeli kwa wanyama, samaki, ndege na maua, bila sura ya mtu hata mmoja. Amri ileile imejibiwa kwa namna tatu tofauti, na mwanafunzi anaweza kutumia mwaka mzima kuzilinganisha.

Sehemu kubwa ya ustadi, hata hivyo, imeingia kwenye vyombo vya ibada. Marabi walifundisha kwamba amri ya Mungu isitimizwe hivihivi bali kwa uzuri: kikombe cha divai kiwe kizuri, hati ya ndoa ipambwe, kifuko cha mezuza, yaani maandiko yanayowekwa kwenye mwimo wa mlango, kipendeze. Ndiyo maana masonara wa Bezalel wameendelea kizazi hadi kizazi kubuni vinara vya Hanuka na vikombe vya Sabato.

Fundi anayeheshimiwa kuliko wote ni mwandishi wa Torati. Hunakili kwa kalamu ya nyoya au ya tete, kwa wino mweusi, juu ya ngozi ya mnyama anayeruhusiwa kuliwa. Hawezi kuandika kwa kumbukumbu hata kama amehifadhi maneno yote. Lazima atazame nakala na kulitamka kila neno kabla ya kuliandika. Herufi ni 304,805, na moja ikikosekana kitabu kizima hakifai kusomwa hadi kirekebishwe. Makosa mengi hukwanguliwa kwa kisu, lakini jina la Mungu likishaandikwa halifutwi. Vitabu vilivyochakaa havitupwi wala kuchomwa. Huwekwa ghalani, kisha huzikwa kaburini. Ghala moja la namna hiyo, katika sinagogi la Ben Ezra huko Kairo, ndilo lililompa msomi Solomon Schechter zaidi ya vipande 190,000 vya maandishi, alivyovipeleka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1897.

Hapo ndipo tunarudi kwenye Sabato. Mishna, kitabu cha sheria za marabi kilichokusanywa kama mwaka 200, inaorodhesha kazi 39 zilizokatazwa siku ya saba, zote zikihusishwa na ujenzi wa hema la Besaleli. Msanii akiisoma orodha hiyo anaiona karakana yake: kusokota nyuzi, kutia rangi, kufuma, kushona, kurarua, kuchuna ngozi, kuandika herufi mbili, kufuta herufi mbili, kujenga, kubomoa, kuwasha moto, kuuzima. Mojawapo huitwa pigo la mwisho la nyundo, yaani tendo dogo linalokamilisha kitu. Ubebaji wa meza nzito ndani ya nyumba haumo kwenye orodha. Herufi mbili zimo. Kinachopimwa si jasho. Ni uwezo wa mtu kubadilisha vitu kwa kusudi lake.

Sabato huingia Ijumaa jua likizama. Kwa msomaji wa pwani hili si geni, kwa kuwa kwa wazee wetu usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Mchana huo soko la Mahane Yehuda hufurika watu wanaonunua samaki, matunda na mikate ya kusukwa. Jioni king'ora hulia mjini, mishumaa huwashwa dakika 40 kabla ya machweo kwa desturi ya Yerusalemu, na mabasi na treni za mjini husimama. Mezani baba au mama huweka mikono juu ya vichwa vya watoto na kuwabariki. Nyumba nyingi huimba ile sehemu ya sura ya 31 ya Mithali inayomsifu mwanamke ambaye mikono yake hushika pia na kusokota nyuzi. Divai hubarikiwa, kisha hufunuliwa mikate miwili iliyofunikwa kwa kitambaa, ukumbusho wa mana iliyoanguka maradufu siku ya sita.

Mgeni aliyealikwa ana adabu zake. Asipeleke chakula alichopika mwenyewe, kwa kuwa nyama na maziwa havichanganywi na vyombo vyake hutengwa. Maua yafikishwe kabla ya jua kuzama. Asipige kengele ya mlango wala asitoe simu kupiga picha, na daftari la michoro libaki chumbani. Akitaka kuikumbuka meza ile, aitazame vizuri, kisha achore Jumamosi usiku nyota tatu zikishaonekana.

Isidhaniwe kwamba Wayahudi wote huishi hivyo. Wapo wengi wasioshika sheria hizi, na Tel Aviv mikahawa huwa wazi siku ya Sabato. Wala Yerusalemu si mji wa watu wamoja. Waislamu wana Ijumaa yao na Wakristo Jumapili yao, na Wapalestina wa upande wa mashariki wanaishi chini ya utawala wanaoupinga. Darasa la Kiebrania lina vijana wa Kiarabu wanaoihitaji lugha hiyo ili waingie chuoni au kazini, na tangu sheria ya mwaka 2018 Kiarabu hakihesabiwi tena kuwa lugha rasmi. Msanii mgeni asiyeyaona hayo atakuwa amejifunza nusu ya mji.

Wala haimlazimu kijana kuacha asili yake ili afaidike. Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoianzisha huko mwaka 1919, huimba zaburi kwa Kiebrania na kwa Kiganda katika mahadhi ya kwao, na hakuna anayewaona Waganda pungufu kwa hilo.

Vyuo vya sanaa popote duniani hufundisha namna ya kuanza kazi na namna ya kuiboresha. Namna ya kuiacha huachiwa kila mtu ajitafutie, na wengi hujifunza baada ya kuchoka au kuiharibu picha kwa kuizidisha rangi. Wayahudi wameliingiza somo hilo kwenye kalenda. Kila juma, kazi iliyokamilika na isiyokamilika huwekwa chini saa ileile, fundi atake asitake, na hakuna anayeruhusiwa kusema bado pigo moja tu la nyundo. Mwanafunzi anayeishi Yerusalemu miaka michache, hata asiposhika dini hiyo, hupata faida moja ya kitaaluma: anaizoea kazi yake ikiwa haijakamilika, na anairudia kwa macho mapya siku ya kwanza ya juma.